Kwa Mkapa hatoki mtu: jinsi ya kupanga usafiri wa uwanja mpya ili watu watoke

Wanasimba wana msemo wao kuhusu Uwanja wa Mkapa wa Dar es Salaam, kwa Mkapa hatoki mtu, maana yake mgeni akija pale lazima apigwe. Sasa kila aliyewahi kwenda mechi ya watani, Simba na Yanga, pale anajua hatoki mtu kweli, hata sisi wenyeji hatutoki. Filimbi ya mwisho inalia saa moja usiku, saa tatu kasoro bado unatembea kuelekea Keko umevua jezi umeifunga kiunoni, daladala zote zimejaa mpaka mlangoni, boda anataja bei ya kwenda Bagamoyo wakati wewe unaenda Buguruni, na magari binafsi yameziba kila kichochoro mpaka ambulensi inapiga king'ora imesimama palepale. Uwanja wenyewe ni wa watu 60,000, ulifunguliwa 2007, na mwendokasi ya Mbagala inayopita Kilwa Road imeanza kubeba abiria 2025. Hesabu mwenyewe hiyo miaka.

Nayasema haya kwa sababu Arusha wanapata uwanja mpya pale Olmoti, watu kama 30,000, kwa ajili ya AFCON 2027 ambayo tunaandaa sisi na Kenya na Uganda, na kila ninayekutana naye anaongelea nyasi, paa na taa, usafiri hautajwi kabisa au ukitajwa mtu anakwambia "watapanua barabara". Kupanua barabara sio mpango wa usafiri bana. Kwa hiyo hapa naeleza namna ambavyo mimi ningepanga, natumia Olmoti kama mfano ila mtu wa Nairobi au Kampala anaweza kuchukua hesabu hizihizi akabadilisha namba.

Jambo la kwanza kabisa, na ukisahau mengine yote shika hili: panga kurudi kwanza. Watu wengi wanaanza kupanga jinsi mashabiki watakavyofika, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu kufika kunajigawa kwenyewe. Mechi ya saa kumi jioni kuna watu wa Moshi watakuwa wameshafika saa nne asubuhi na mavuvuzela yao, wengine watakuja baada ya chakula cha mchana, wengine dakika ya kumi ya mchezo wanakimbia na tiketi mkononi. Ni muda wa saa sita hivi wa kufika. Kuondoka ni nusu saa, wote, mlango mmoja, na nusu yao wana hasira kwa sababu wamefungwa. Ukiweza kuwatoa utaweza kuwaingiza, kinyume chake sio kweli.

Na hili sio suala la usumbufu tu. Ibrox kule Glasgow, Januari 1971, watu 66 walikufa kwenye ngazi moja wakiwa wanatoka, mechi imeshaisha. Kuingia nako kuna hatari yake, Olembé pale Yaoundé Januari 2022, Cameroon na Comoro, watu 8 walikufa kwenye geti la kusini ambalo lilikuwa limefungwa wakati lilitakiwa liwe wazi. Mpira wenyewe haukuwa na kosa, ni watu wengi wamekutana na njia nyembamba.

Haya, tufanye hesabu. Chukua watu 30,000, siti zote zimeuzwa. Mimi naanza na makadirio yangu: asilimia 15 watatembea kwa miguu maana wanakaa jirani, 20 watakuja na magari binafsi na Noah za kukodi, 15 boda na bajaji, na nusu iliyobaki, yaani watu 15,000, daladala na mabasi. Hizo asilimia usizikariri, ni za kuanzia tu, za kwako nenda kazipate kwa kusimama getini pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid hapo Arusha kwenye mechi nne tano unawauliza watu umekuja na nini na unarudi na nini. Swali la pili ndio muhimu, kuna watu kibao wanakuja kwa lifti ya rafiki halafu wanarudi wenyewe.

Sasa hao 15,000 unawaondoa na nini? Kama ni vifodi, hizi Hiace za Arusha, weka watu 15 kila moja, ni safari 1,000. Coaster ya watu 30 ni safari 500. Basi kubwa la mjini lenye watu 75 pamoja na waliosimama ni safari 200. Halafu jiulize gari moja linakaa muda gani kwenye nafasi ya kupakilia, tangu linaingia mpaka linaondoka likapishe lingine. Kifodi dakika 2 kama abiria wamejipanga, Coaster 3, basi kubwa lenye milango mitatu ambalo nauli imeshalipwa dakika 4. Ukitaka kumaliza ndani ya saa moja utahitaji nafasi 34 za vifodi, au 25 za Coaster, au 14 za mabasi makubwa. Hapo ndio utaelewa kwa nini nasisitiza mabasi makubwa hata kama ni ya kukodi kutoka mikoani kwa siku hiyo moja, sio kwamba vifodi ni vibaya, ni eneo la kuvipanga huna.

Na kuna kitu watu wanasahau, magari yanasubiri wapi? Kama mzunguko wa kwenda mjini na kurudi ni dakika 30, kila basi litapakia mara mbili ndani ya hiyo saa moja, kwa hiyo utahitaji mabasi 100 yawe yameshafika kabla filimbi haijalia. Mabasi 100 ya mita 12 ukiyapanga mstari mmoja na nafasi kidogo katikati ni kilomita 1.4 ya foleni. Huwezi kuyaweka barabarani. Unahitaji kiwanja cha kusubiria, kimeshindiliwa vizuri kisigeuke tope mvua za masika zikishuka, kiko upande wa kutokea, na njia yake haikutani na njia ya watembea kwa miguu hata sehemu moja. Hicho kiwanja kitengwe sasa, wakati ardhi bado ipo, maana Arusha inavyojengwa ukichelewa mwaka mmoja utakuta lodge ya ghorofa tatu imeshasimama hapo na mwenye nayo ana hati.

Umbali kati ya geti na mabasi nao una maana yake. Watu wanataka basi liwe mlangoni kabisa, na wanasiasa wanapenda hivyohivyo kwa sababu kwenye picha inapendeza, ila mlangoni ndio pabaya kuliko pote. Ukiweka kituo mita 500 mpaka 800 kutoka getini ile njia yenyewe inakuwa kama tangi, inawapunguza kasi, wanaotembea haraka wanatangulia, wenye watoto wanafuata, wanafika kidogokidogo badala ya kumwagika wote. Wembley wana ile njia ndefu ya kwenda kituo cha Wembley Park na askari wanawashikilia watu kwa makundi, kundi hili pita, kundi hili subiri. Munich nao uwanja wao wa 2005 uko mbali na kituo cha Fröttmaning, unatembea kwanza, na hakuna anayelalamika kwa sababu njia ni pana na ina taa.

Pana kiasi gani? Mwongozo wa usalama wa viwanja wa Waingereza unahesabu watu 82 kwa dakika kwa kila mita moja ya upana kwenye sehemu tambarare, na 66 kwenye ngazi. Njia ya mita 6 inapitisha watu 492 kwa dakika, kwa hiyo 15,000 wanapita kwa nusu saa na ushee. Safi. Sasa ruhusu boda waegeshe upande mmoja, mama lishe aweke meza na jiko upande mwingine, kampuni ya simu iweke banda lake la kugawa fulana katikati, umebaki na mita 2, watu 164 kwa dakika, ni saa moja na nusu kwa watu walewale! Njia haijabadilika kwenye ramani, imebadilika chini. Mimi mama lishe siwafukuzi, tena nawataka sana, nitarudi kwao, ila wawe na eneo lao pembeni lililochorwa na sio ndani ya zile mita 6.

Usitegemee upande mmoja. Stade de France kule Paris ina vituo viwili vya treni za RER pamoja na metro, ukiangalia kwenye karatasi ni uwanja wenye usafiri mzuri kuliko viwanja vingi duniani, lakini Mei 2022 fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Liverpool na Real Madrid, kulikuwa na mgomo kwenye laini ya RER B, maelfu wakahamia kwenye RER D, njia ya kutoka kituo hicho ikawabana pale walipokuwa wanakaguliwa, mechi ikachelewa dakika 36 na polisi wakapiga mabomu ya machozi. Laini moja tu kuyumba. Kwa hiyo Olmoti nisingeweka stendi moja kubwa, ningeweka tatu. Moja ya watu wa mjini, magari yanaenda Kilombero na stendi kuu. Ya pili ya upande wa mashariki, Usa River, KIA, Moshi. Ya tatu ya magharibi, Ngaramtoni na Namanga, maana Wakenya watakuja kwa mabasi usiniambie hawaji, Namanga ni mwendo wa saa mbili tu. Ile baipasi ya kusini ya kilomita 42 inayotoka Ngaramtoni mpaka Usa River imekaa vizuri sana kwa kazi hii, gari la Moshi au la Namanga halina sababu yoyote ya kuingia mjini siku ya mechi, na ukiliruhusu liingie umewaua watu wa mjini ambao wala mpira hawana habari nao.

Stendi zipewe rangi, na rangi iandikwe kwenye tiketi. Ukinunua tiketi unaulizwa unarudi upande gani, unapewa jukwaa linalotokea upande huo. Hapa utapigwa vita na watu wa kuuza tiketi watasema unawachanganya mashabiki, wavumilie tu, kila mtu asiyelazimika kuzunguka uwanja kutafuta basi lake ni mtu mmoja kapungua kwenye msongamano.

Boda sasa. Najua kuna wataalamu wanaoandika mpango mzima wa usafiri bila kutaja boda kama vile hawapo, halafu siku ya mechi boda 2,000 wanatokea wanaziba geti. Wapo na watakuwepo, na kwa mtu anayekaa mtaa ambao kifodi hakifiki ndio usafiri wake. Kwa hiyo wape sehemu, kama mita 400 hivi kutoka getini, sehemu mbili au tatu na sio moja, mstari wa kuingia na mstari wa kutoka, na mtu wa kuwapanga awe kiongozi wao wa kijiwe sio askari. Nimeona mara nyingi askari akiwafukuza wanarudi baada ya dakika tano kwa njia nyingine, mwenyekiti wao akisema "oya panga foleni" wanapanga. Reflekta zenye namba, bei za kwenda maeneo makubwa ziandikwe kwenye bango kubwa zikiwa zimekubaliwa nao kabla, na bei iwe juu kidogo ya kawaida, tuwe wakweli, mtu amesubiri saa mbili hawezi kuchukua bei ya asubuhi. Ukimwekea bei ya kumuonea ataishi nje ya utaratibu wako na utampata gizani anajipangia mwenyewe.

Hilohilo la pesa ndio linaua mipango ya daladala. Dereva ana hesabu ya bosi kila siku, mara nyingi ni deiwaka tu, kibarua wa siku, kwa nini akae kiwanjani saa mbili gari tupu akusubirie mashabiki wako? Hakai. Atapiga ruti yake ya kawaida, atakuja filimbi ikishalia, atakwama kwenye foleni nje, na abiria watakuwa ndani wanamsubiri. Ukitaka awepo mlipe kwa kukaa, yaani mkodi kwa siku, LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, watoe vibali vya muda vya kutoka kwenye ruti, na nauli isikusanywe mlangoni. Ongeza shilingi 1,000 kwenye kila tiketi ya mpira, watu 30,000 ni milioni 30 kwa mechi moja, tiketi yako ndiyo nauli yako, unaonyesha unapanda. Wajerumani wanafanya hivi miaka mingi, Qatar 2022 mwenye kadi ya Hayya alipanda metro bure, na sisi tayari tuna N-Card, kadi ya malipo inayofungua mageti ya Mkapa, sio teknolojia ya kutoka mwezini. Faida kubwa sio hata unafuu, ni zile sekunde. Konda akianza kutafuta chenji ya elfu kumi mlangoni zile dakika 4 zinakuwa 9, na nafasi zako 14 zinageuka kuwa kama 6.

Magari binafsi nitakuwa mkali. Usijenge paking kubwa mlangoni. Iliyo karibu iwe ya watu wenye ulemavu, timu, wagonjwa na huduma za dharura basi. Wengine waegeshe mbali na watembee au wapande basi la kuwazungusha. Na jambo ambalo linawaudhi sana wakubwa ila ndilo linalofanya kazi, magari yashikiliwe paking dakika 30 baada ya mechi mpaka mawimbi mawili ya mabasi yatoke. V8 moja yenye watu wawili ikitangulia inachukua karibu nafasi ileile ya barabara ambayo Coaster ya watu 30 ingeitumia. Hapo lazima mkuu wa usalama barabarani wa mkoa awe amesaini kabla, kwa maandishi, maana siku yenyewe atapigiwa simu.

Nilisema nitarudi kwa mama lishe. Kila shabiki anayebaki kula mishikaki na ndizi dakika 40 ni siti moja imeachwa wazi kwenye basi la kwanza, na hujamlazimisha, amelipa mwenyewe. Kwa hiyo weka chakula, muziki, skrini ya marudio ya magoli, vyoo vilivyo wazi na maji, upande wa pili wa uwanja mbali na stendi. Aliyeshinda atabaki kucheza, aliyefungwa ataondoka haraka, umegawa umati mara mbili. Mimi naona hii ndio mbinu ya bei rahisi kuliko zote na ndio inayokatwa ya kwanza bajeti ikibana.

Saa za mechi nazo. Mechi ya saa mbili usiku inaisha saa nne kasoro dakika kumi hivi, ikiwa ya mtoano ikienda dakika za nyongeza na penalti unafika saa tano kasoro robo. Madereva wanajua? Mtu mmoja tu awe na kazi ya kuangalia mpira na kuwaambia stendi tatu kwa redio, "tumeenda dakika 120", kwa redio na sio WhatsApp, watu 30,000 wakiwa sehemu moja wote wanarusha video mtandao unalala. Na usiku maana yake taa njia nzima mpaka mlango wa basi, dada anayerudi Muriet peke yake saa tano usiku hatakuja mara ya pili kama mara ya kwanza alipita kwenye giza mita 300. Kiti cha magurudumu kipite bila kubebwa, na basi lake lisiwe mwisho wa foleni.

Kagua pia njia zako za kawaida kama zinafaa siku ya mechi. Uwanja wa Arsenal wa 2006 una kituo cha Holloway Road karibu kabisa, lakini kinategemea lifti, kwa hiyo siku za mechi kinawekewa vikwazo na watu wanapelekwa vituo vingine. Kilicho karibu kwenye ramani sio lazima ndicho cha kutumia.

Mwisho ni mazoezi. Tottenham kabla ya kufungua uwanja wao mpya 2019 walicheza kwanza mechi ya vijana wa chini ya miaka 18 na ya wakongwe ili wajaribu mifumo, ndio wakapewa ruhusa. Olmoti wafanye vilevile, mechi ya watu 5,000, halafu 15,000, halafu uwanja ujae kwa mechi ya ligi kabla wageni hawajaja. Kila mara weka watu watatu na saa, mmoja kila stendi, wanaandika basi la kwanza limeondoka dakika ya ngapi, basi la kumi, na abiria wa mwisho kabisa kapanda saa ngapi. Kama mtu wa mwisho amepanda baada ya dakika 90, mechi inayofuata punguza tiketi mpaka urekebishe, na anayeandika hiyo saa asiwe mfanyakazi wa aliyepanga mabasi.